Fundi Mmoja, Tofali Ngapi kwa Siku? Mwongozo wa Kupanga Kasi ya Kusimamisha Boma

Mtu anayejenga nyumba kwa kudunduliza huwa na swali moja linalomkosesha usingizi: fundi mmoja anapanga matofali mangapi kwa siku? Jibu la kijiweni ni "mia". Fundi anayetafuta kazi atakwambia mia mbili bila kupepesa jicho. Mwenye nyumba aliyepita saiti jioni akakuta kozi moja tu, yaani mstari mmoja wa matofali, imeongezeka ataapa kwamba hawafiki hata hamsini, kazi yao chai.

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli. Nimemwona fundi yuleyule, wiki ileile, na mwiko uleule, akipanga 135 Jumanne na 48 Ijumaa. Jumanne matofali yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta tangu jana yake na maji yamejaa mapipa. Ijumaa maji yalikata saa tatu asubuhi, boza likafika saa nane mchana. Mwenye nyumba alipopiga simu kuuliza mbona hamsini hazijafika, fundi alimjibu kwa upole: "Mama, mimi nipo. Kilichokosekana ni maji."

Hebu fanya jaribio hili siku moja. Simama pembeni na simu yako, pima muda fundi anaotumia kupanga tofali moja wakati kila kitu kiko mkononi mwake: udongo (mchanga uliochanganywa na saruji) umemwagwa, kamba imenyooka, tofali liko karibu. Utapata dakika moja hadi moja na nusu. Sasa piga hesabu ya siku. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi alasiri, ukitoa saa moja ya chai na chakula, zinabaki saa nane, yaani dakika 480. Kwa dakika moja na nusu kila tofali, ilipaswa awe na matofali 320. Ana 100. Dakika zaidi ya 300 zimekwenda wapi? Ziko kwenye kusubiri udongo, kuhamisha kamba, kupiga timazi (kamba yenye uzito ya kupima kama ukuta umesimama wima), kukata vipande, kupandisha jukwaa, kumwita saidia, yule msaidizi wa fundi, aliyekwenda kuchota maji. Humo ndimo kasi inamopatikana, na sehemu kubwa ya hayo iko mikononi mwa anayesimamia kazi. Ukimsimamia fundi mgongoni na kumhimiza "ongeza spidi baba", utakachoongeza ni jointi mbovu, yaani maungio ya udongo kati ya tofali na tofali.

Hatua ya kwanza: jua unahesabu tofali gani

Kijana mmoja aliniletea video ya fundi wa Ulaya aliyepanga matofali 500 kwa siku. "Mzee, mbona wenzetu wanatuacha mbali hivi?" Nikamwambia kaa chini tuhesabu.

Tofali la Uingereza lina urefu wa milimita 215 na kimo cha milimita 65. Ukijumlisha na jointi, mita moja ya mraba ya ukuta wao mwembamba inakula matofali 60. Tofali letu la saruji la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45, kimo cha 23 na unene wa 15. Katika mita hiyohiyo yanaingia 9. Kwa hiyo 500 za yule fundi ni mita za mraba nane na kidogo, sawa na matofali 75 ya kwetu. Fundi wa Kivule, Dar es Salaam, anayepanga 100 amefunika ukuta mkubwa kuliko yeye, tena kwa kunyanyua kitu cha karibu kilo 30 kwa mikono miwili, ilhali mwenzake anashika kitu cha kilo mbili na ushei kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine.

Winston Churchill, kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza, alipenda kujenga ukuta kwake Chartwell. Mwaka 1928 alimwandikia Baldwin, aliyekuwa waziri mkuu wakati huo, kwamba mwezi wake umekwenda vizuri: matofali 200 na maneno 2,000 kwa siku. Kwa tofali letu hayo ni 30. Kule Chanika, nako Dar, wangemlipa nauli arudi kwao kabla ya Jumatano.

Kwa hiyo unapolinganisha mafundi, linganisha mita za mraba. Na angalia tofali linapangwaje. Msingini wengi wetu tunalilaza, ukuta ukawa na unene wa inchi 9, na hapo mita ya mraba inakula 13 badala ya 9. Kwenye boma, yaani kuta za juu ya msingi, tunalisimamisha. Tofali la kuchoma la Iringa au Mbeya hubadilika ukubwa kila tanuri, hivyo idadi yake haina maana mpaka ulipime. Nairobi, ambako wengi hujengea mawe ya kukatwa ya Ndarugo, hesabu ni nyingine tena, maana jiwe huchongwa kidogo kabla halijakaa.

Kwa tofali la saruji la inchi 6, fundi mzoefu na wasaidizi wa kutosha, mimi hupanga kazi kwa viwango hivi: msingini 110 hadi 140, boma kuanzia kozi ya pili hadi ya tano, 100 hadi 130, kozi ya sita hadi ya tisa akiwa jukwaani, 70 hadi 90, juu ya lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), 60 hadi 80. Kozi ya kwanza ya boma siihesabu kwa tofali kabisa, nitaeleza huko mbele kwa nini.

Hatua ya pili: hesabu kwa kozi

Chukua futi kamba, pima urefu wa kuta zako zote, za nje na za ndani. Tuseme umepata mita 60. Tofali moja pamoja na jointi linakula sentimita 46 hivi, kwa hiyo kozi moja ni matofali 130. Kimo cha kozi pamoja na jointi ni kama sentimita 24, na kozi tisa zinakufikisha mita 2.16, usawa wa lenta kwa nyumba nyingi. Kozi tisa mara 130 ni 1,170.

Toa milango na madirisha. Milango saba ya sentimita 90 inaondoa matofali 14 katika kila kozi, kozi zote tisa: 126. Madirisha saba ya mita moja na nusu, yanayoanzia kozi ya tano, yanaondoa 23 kila kozi kwa kozi tano: 115 hivi. Zinabaki kama 930. Ongeza kidogo kwa yanayovunjika. Tofali lililofyatuliwa juzi likapakiwa kwenye kirikuu leo huwa halifiki lote.

Sasa mafundi wawili. Kozi ya kwanza, siku moja na nusu. Kozi ya pili hadi ya tano ni matofali 440 hivi, kwa 220 kwa siku zinakwenda siku mbili. Kupandisha jukwaa, nusu siku. Kozi ya sita hadi ya tisa ni 370 hivi, kwa 160 kwa siku zinakwenda siku mbili na robo. Jumla yake ni siku sita na robo, andika saba. Fundi akikwambia siku tatu, muulize anakuja na watu wangapi. Akikwambia siku ishirini, muulize ana saiti ngapi nyingine.

Hatua ya tatu: sogeza mzigo kabla fundi hajafika

Hapa ndipo wajenzi wengi wanapopoteza pesa bila kujua, kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho.

Lori likija, dereva anataka kushusha upesi aondoke. Atamwaga matofali pale gari lilipoishia, mara nyingi barabarani, mita 40 kutoka kwenye ukuta. Saidia fundi atabeba tofali moja moja begani. Kwenda na kurudi ni mita 80. Matofali 120 kwa siku ni mita 9,600, karibu kilomita 10, nusu yake akiwa na kilo 30 begani. Tofali hizohizo zikiwa mita 10 kutoka ukutani, safari inashuka hadi kilomita 2.4. Hakuna posho wala ukali utakaomfanya kijana atembee kilomita 10 na mzigo kwa muda wa kilomita mbili na nusu. Na fundi wake atakuwa amesimama na mwiko, anamsubiri.

Kwa hiyo siku ya kushusha uwepo wewe au mtu wako. Mpe dereva na makuli wake kitu kidogo cha ziada wagawe mzigo ndani ya nyumba, chumba kwa chumba. Ukishindwa, lipa vibarua wawili jioni moja wasogeze kabla ya siku ya fundi. Panga mafungu kila baada ya mita mbili hivi, umbali wa kama sentimita 60 kutoka kwenye mstari wa ukuta. Ukisogeza karibu zaidi fundi hana pa kukanyaga. Mbali zaidi atakuwa anapiga hatua mbili kwa kila tofali. Usizidishe mistari minne kwenda juu. Mstari wa sita humlazimisha mtu kunyanyua juu ya kifua, na tofali likidondoka kutoka pale huchagua kidole.

Kila fungu liwe na nusu zake. Kata nusu mapema, asubuhi kukiwa na baridi, zikusanywe mahali pamoja. Fundi anayekata nusu moja kila anapofika mlangoni anapoteza dakika tano kila mara, na tofali moja kati ya manne linapasuka vibaya.

Mchanga nao uwe karibu na maji, na vyote viwe katikati ya nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mapipa yajazwe jioni. Mimi huweka pipa la lita 200 kwa mafundi wawili kwa ajili ya udongo na kuoshea vyombo, na jingine la kumwagilia ukuta. Saiti isiyo na maji ya bomba, boza lije jana yake.

Hatua ya nne: watu

Mafundi wawili, saidia watatu. Mmoja anachanganya, wawili wanasogeza tofali na udongo. Wakipanda jukwaani ongeza wa nne, maana sasa kuna wa chini anayerusha na wa juu anayepokea. Mwenye nyumba anayetaka kubana matumizi hukata saidia kwanza, kwa kuwa anamwona amekaa kwenye ndoo. Lakini posho ya saidia ni ndogo kuliko ya fundi. Ukimwondoa mmoja, fundi anaanza kujichotea udongo mwenyewe, na hapo unalipa bei ya fundi kwa kazi ya karai.

Mafundi wawili wawe wa kasi zinazokaribiana. Kamba ni moja. Yule mwepesi akimaliza upande wake atakaa kumngoja mwenzake, au atamsukuma naye aharibu.

Hatua ya tano: udongo

Udongo, kama nilivyosema, ni mchanga uliochanganywa na saruji. Kwa boma la kawaida ninachanganya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa toroli tatu za mchanga zilizosawazishwa juu, ambayo ni karibu moja kwa sita. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo.

Udongo mzito haukai chini ya tofali mpaka fundi aligonge mara sita kwa kitako cha mwiko. Ule mwepesi unamwagika kando, na tofali la kilo 30 linazama chini ya kamba, inabidi linyanyuliwe upya. Ule mzuri unakaa juu ya mwiko ukiinamishwa kidogo, na tofali likiwekwa linashuka kwa kusukumwa na kugongwa mara moja au mbili. Hapa mchanganyaji anaweza kumpa fundi matofali 20 zaidi kwa siku, au kumnyima, na hakuna atakayemsifu wala kumlaumu.

Usichanganye mifuko mitatu kwa mkupuo ili "tusihangaike". Kwa jua la Dar udongo utumike ndani ya saa moja, mbili zikizidi sana. Ukianza kukakamaa usiuongezee maji ukautumia tena. Unalainika kwa macho tu, nguvu yake imekwisha. Mfuko mmoja, ukikaribia kuisha changanya mwingine.

Unene wa jointi nao ni kasi, ingawa wengi wanauona kama urembo. Jointi ya sentimita mbili na nusu inakula udongo mara mbili ya ile ya sentimita moja na kidogo. Nimeona mfuko ukiishia matofali 60 kwa fundi wa jointi nene, na ukavuka 100 kwa mwenzake upande wa pili wa nyumba ileile. Hiyo ni saruji yako, na pia ni makarai maradufu yanayobebwa.

Tofali la kuchoma limwagiwe maji kabla, la sivyo linafyonza maji ya udongo na jointi inakuwa vumbi. La saruji lirashiwe tu juu juu jua likiwa kali.

Hatua ya sita: kona kwanza

Kozi ya kwanza ndiyo ramani ya nyumba. Hakikisha skwea, yaani kona ya nyuzi 90, kwa njia ya tatu-nne-tano: pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama ipatikane 5 kamili. Pima na ulalo wa kila chumba, pande zote mbili zilingane. Panga matofali ya kozi nzima makavu kwanza, bila udongo, uone yanavyoangukia milangoni. Fundi akitumia siku nzima hapa, mnunulie soda. Siku hiyo itarudi kwenye kozi nane zinazofuata, na itarudi tena kwa fundi wa plasta na kwa seremala wa paa.

Baada ya hapo pandisha kona kwa ngazi, kozi tatu au nne, kwa timazi na pima maji (kifaa chenye kipovu cha kupimia usawa). Kisha funga kamba kutoka kona hadi kona na ujaze katikati. Tofali la katikati halihitaji pima maji kila mara. Kamba ndiyo inayosema. Fundi anayepiga pima maji kila tofali ama bado anajifunza, ama kona zake hazimridhishi. Tofali lisiiguse kamba, liachie upenyo wa kama unene wa kadi ya simu; likiigusa moja, yote yanayofuata yanasukumwa nje nalo.

Tafuta ubao ulionyooka, weka alama kila sentimita 24, usimamishe kila kona unapopanda. Utajua kozi ya tano kwamba umezidi, kabla hujafika kozi ya tisa ukakuta upande mmoja wa nyumba umepita lenta.

Hatua ya saba: mkono wa fundi, na yule Mmarekani

Mwaka 1885 kijana wa miaka 17 huko Boston, Frank Gilbreth, alianza kujifunza uashi. Kilichomshangaza ni kwamba kila fundi aliyemfundisha alikuwa na namna yake, tena fundi huyohuyo alikuwa na namna moja akifanya taratibu, nyingine akiharakisha, na ya tatu akimfundisha mwanafunzi. Akaanza kuhesabu mijongeo. Alikuta 18 kwa tofali moja, akaipunguza hadi mitano. Kwenye jengo moja mafundi wake waliofuata utaratibu mpya walifika wastani wa matofali 350 kwa saa, wakati mtindo wa zamani ulikuwa 120.

Ukitazama alichobadilisha, kidogo sana kilihusu mwiko. Fundi alikuwa anainama hadi miguuni kwa kila tofali, akinyanyua na kushusha mwili wake wote kwa ajili ya kitu cha kilo mbili. Gilbreth akatengeneza jukwaa linalopanda kadiri ukuta unavyopanda, lenye meza ya kiuno ya tofali na udongo. Fundi alikuwa analigeuza tofali mkononi kutafuta uso mzuri. Akampa kibarua kazi ya kuyachagua na kuyapanga uso ukiwa upande mmoja. Fundi alikuwa anagonga. Akarekebisha ulaini wa udongo. Ni yaleyale ya mchanga, maji na saidia, yamefikiriwa kwa utulivu zaidi.

Kwetu yanafanyika hivi. Karai la udongo lisikae chini, liweke juu ya matofali mawili au ndoo iliyofunikwa, usawa wa goti angalau. Liwe kati ya fundi na tofali linalofuata. Udongo umwagwe ukutani kwa matofali mawili au matatu kwa mkupuo. Zaidi ya hapo unakauka kabla hajafika. Jointi ya wima ipakwe kwenye kichwa cha tofali lingali chini limesimama, ndipo linyanyuliwe, badala ya kulipanga kavu halafu kuchomeka udongo kwa ncha ya mwiko. Kuchomeka huchukua muda mrefu na katikati hubaki tupu. Saidia alisimamishe tofali kichwa juu, tayari kwa kupakwa. Hilo peke yake linampunguzia fundi kuinama mara moja kwa kila tofali, mara mia kwa siku, na mgongo wake utakushukuru ukifika kozi ya juu.

Hatua ya nane: jukwaa

Kasi hushuka ghafla ukuta ukifika kifuani, kozi ya tano au ya sita. Mafundi wengi husukuma kozi moja zaidi kwa kusimama juu ya ndoo au matofali matatu yaliyobebana, kwa kuwa mirunda (nguzo za jukwaa) haijafika saiti. Kozi hiyo moja huchukua muda wa kozi mbili, na ndiyo inayoinama. Mirunda, mabanzi na misumari iwepo siku moja kabla. Jukwaa liwe na upana wa watu wawili kupishana, lisiegemee ukuta wa jana, na lisirundikwe: matofali 20 ni kilo 600, kabla hujaweka watu.

Hatua ya tisa: mahali pa kusimama

Ukuta una kasi yake, hata mafundi wakiwa kumi. Udongo wa chini ukiwa bado mbichi na ukapandishiwa uzito, jointi zinabonyea na ukuta unatoka kwenye timazi taratibu bila mtu kuona. Mita moja na nusu kwa siku, yaani kozi sita, ndiyo mwisho. Mimi husimama kwenye ya tano.

Kwenye nyumba kubwa hutafika huko. Mafundi wawili kwenye kuta za mita 60 hawamalizi kozi mbili kwa siku. Hatari iko kwenye vitu vidogo. Choo cha nje cha mita 2 kwa moja na nusu kina matofali 15 tu kwa kozi, kwa hiyo fundi mmoja wa kawaida anaweza kukipandisha kozi sita na kitu kabla ya jioni, na mwenye nyumba akafurahi. Nilikwisha kuvunja kimoja cha namna hiyo, nilichokijenga mwenyewe, kilicholala sentimita tatu usiku mmoja. Siku hizi kazi ndogo ninazifanya mbili kwa zamu: leo choo na ukuta wa karo (shimo la maji taka), kesho narudi kwenye choo.

Wanaotaka kupita haraka bila udongo hutumia matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Yanakaa moja juu ya jingine kama meno. Ni mepesi kupanga, ila kozi ya kwanza ikipinda milimita tano hakuna udongo wa kuficha. Kosa linapanda nawe hadi juu.

Hatua ya kumi: hesabu, kagua, lipa

Usihesabu jioni tu. Hesabu saa nne wakati wa chai, saa saba wakati wa chakula, na saa kumi. Ukikuta 45, kisha 80, kisha 105, siku imekwenda sawa. Mchana kila mtu hupungua. Ukikuta 15 saa nne, tatizo lilikuwa asubuhi: udongo wa kwanza ulichelewa. Andika na sababu pembeni, maji, tofali, mvua, kamba. Baada ya siku tatu daftari litakuonyesha tatizo lako liko wapi, na mara nyingi siyo pale ulipokuwa unagomba.

Kuhusu malipo: ukilipa kwa siku, kazi inanyooka lakini inalala, ukilipa kwa tofali, inakimbia lakini jointi za wima zinabaki wazi. Njia niliyoizoea ni kulipa kwa hatua, msingi, kozi tisa, lenta, kozi tatu za juu, na kila hatua ikaguliwe kabla ya pesa kutoka. Shusha timazi kutoka kozi ya juu hadi ya kwanza kwenye kila kona. Ikizidi sentimita moja, ongea. Simama ndani ya chumba kuna jua nje, tazama ukuta: mwanga ukipenya, jointi haikujazwa. Angalia kama jointi za wima zinapishana nusu tofali kozi hadi kozi. Zikifuatana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, umepewa ufa uliokunjwa, utafunguka baadaye. Kwaruza jointi ya juzi kwa msumari. Ikimwagika kama unga, udongo uliongezewa maji.

Saa kumi kazi ikisimama, mwagilia ukuta wa jana na juzi. Wa leo uachwe hadi kesho asubuhi, na umwagiliaji uendelee siku saba. Msimu wa masika funika kozi ya juu kwa nailoni na uigandamize kwa vipande vya tofali. Mwiko na karai vioshwe sasa, kwa sababu udongo uliokauka juu ya mwiko unaushika udongo wa kesho. Fungua kamba, ikunje, mpe fundi aondoke nayo. Halafu hesabu matofali yaliyobaki kwenye kila fungu, na kama yale ya upande wa jikoni hayafiki 60, vijana wayasogeze sasa hivi kabla hawajanawa miguu.